Picha Isiyo na Mgongo

Ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za vitunguu saumu, nilikuta vipande vitatu vya mkanda wa picha ambavyo baba alivifunga kwa karatasi ya daftari. Nilivitoa uani kwetu Dongobesh, asubuhi ya Julai ukungu ulipokuwa unaanza kuachia migomba, nikakiinua kimoja angani. Kila kitu kilikuwa kinyume. Uso wa bibi ulikuwa mweupe, meno yake meusi, na anga nyuma yake jeusi tii. Kando yake alisimama mwanamume mwenye fimbo, shuka begani, ambaye sikumjua. Kwenye kingo za mkanda zilisomeka namba: 17, 17A, 18. Jina la mtu halikuwapo popote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari swali ambalo wapiga picha wa mijini hulijadili kwa namna nyingine. Wao huuliza kati ya mkanda na dijitali ni ipi yenye picha kali zaidi, ipi ina rangi za kupendeza. Hayo yana uzito wake na nitayagusa. Ila kwa familia za Mbulu na Hanang, huku kaskazini mwa Tanzania, ambako nyumba nyingi zina picha tatu au nne tu za watu waliokwisha kufa, swali kubwa ni lingine: picha hii itakuwa wapi baada ya miaka 50, na atakayeiona atajuaje ni ya nani?

Tofauti inaanzia kwenye kile kinachopokea mwanga. Mkanda ni plastiki iliyopakwa utando wa jelatini wenye chembechembe za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukizigusa, chembe hubadilika kwa namna ambayo jicho haliwezi kuona mpaka dawa izidhihirishe, na dawa nyingine ikazie picha isiendelee kuungua. Kamera ya dijitali, na simu ni kamera ya dijitali, ina kihisi chenye mamilioni ya vituo vidogo vinavyopima mwanga na kuugeuza namba. Kila kituo hupima rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Rangi nyingine mbili za kituo hicho hukisiwa kutokana na majirani zake. Mwaka mmoja kabla, mhandisi Steven Sasson wa kampuni hiyohiyo alikuwa ameunda kamera ya kwanza ya dijitali inayoshikika mkononi. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Kodak, iliyoishi kwa kuuza mikanda, iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012.

Mwanga wa kwetu unazijaribu mashine zote mbili kwa ukali. Simama saa saba mchana kando ya Ziwa Balangida wakati wa kiangazi, chumvi imekauka na kung'aa kama bati jipya, mbele yako mama wa Kibarabaig mwenye vazi la ngozi lililokolea mafuta na bangili za shaba mkononi. Katika fremu moja una weupe mkali, weusi wa uso kivulini na mng'ao wa shaba. Mkanda wa negativu, ule wenye picha kinyume, huvumilia mwanga ukizidi: sehemu iliyopokea mwanga mwingi huwa nzito, lakini habari zake zimo, na fundi mvumilivu anaweza kuzitoa kwa kuipa karatasi muda mrefu zaidi. Dijitali ni kinyume. Kituo kikishajaa kimejaa, na chumvi ya Balangida inakuwa tambarare tupu ya weupe usioweza kurudishwa kwa programu yoyote. Kwa upande wa giza, dijitali ndiyo inayoongoza. Piga picha ndani ya nyumba ya tope yenye mwanga wa mlangoni tu, kisha uinue vivuli kwenye kompyuta, utaona vibuyu ukutani ambavyo mkanda ungeviacha kwenye giza. Ndiyo maana mpiga picha wa mkanda hupima vivuli na wa dijitali hupima weupe.

Rangi ya ngozi ina historia yake, na inatuhusu. Kwa miaka mingi maabara za rangi ziliseti mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizokuja kuitwa za Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Nyuso nyeusi zilitoka zimefifia zote pamoja, macho na meno tu yakionekana. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth alipowahoji waliofanya kazi Kodak, alielezwa kwamba msukumo mmojawapo wa kuboresha mikanda ulitoka kwa watengenezaji wa samani na chokoleti waliolalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazitofautiani pichani. Malalamiko ya watu weusi wenyewe hayakuwa na uzito huo. Nikiangalia picha za rangi za kipaimara za miaka ya 1980, watoto wa Kiiraqw waliojipanga mbele ya kanisa lililopakwa chokaa, naona kwamba giza la nyuso zao halikuwa kosa la mpiga picha peke yake.

Simu za leo zimegeukia upande wa pili. Nyingi hung'arisha uso na kulainisha ngozi bila kuulizwa. Nimewahi kuona picha ya bibi wa Kidatoga ambaye alama zake za mviringo kuzunguka macho, alizochanjwa akiwa msichana, zilikuwa zimefutwa nusu na programu iliyozidhania kuwa kasoro za ngozi. Mkanda ulimfanya mtu awe giza. Simu ilimwondolea alama aliyoivumilia kwa maumivu. Kati ya makosa hayo mawili la pili linaniogopesha zaidi, kwa sababu picha inapendeza na hakuna anayejua kilichopotea.

Juu ya gharama sina haja ya kurefusha. Mkanda una picha 36 na kila moja inalipiwa, itoke au isitoke. Mkanda mmoja wa rangi sasa huuzwa nje dola 10 au zaidi kabla ya kuusafisha. Kwenye simu, picha ya elfu moja haina gharama kubwa kuliko ya kwanza. Kwa mpiga picha wa harusi wa Haydom au Katesh hesabu hiyo imekwisha zamani, na ni halali iishe.

Kinachostahili kukumbukwa ni kazi iliyokuwapo nyuma ya zile picha 36. Kusafisha mkanda wa nyeusi na nyeupe kunahitaji dawa yenye joto la nyuzi 20 hivi. Maji ya Mbulu mwezi wa saba hayafiki hapo, hivyo fundi alichanganya maji ya jikoni na ya mtungi, akapima kwa kipimajoto au kwa kiwiko. Kisha alihitaji maji safi mengi ya kusuuza, maana dawa ya kukazia ikibaki huila picha taratibu. Mkanda wa rangi ulidai zaidi: nyuzi 38 hivi, bila kuyumba hata nusu. Umeme ukikatika kati, picha zimekwenda. Kwa hiyo mikanda ya rangi tuliyoijua sisi ilipanda basi kwenda Arusha, na picha zikarudi baada ya wiki mbili au zaidi, kwenye bahasha yenye mfuko mdogo wa kuwekea negativu.

Tena mkanda ulikuwa wa kununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokosa sabuni na sukari, karatasi ya picha haikuweza kuwa nyingi. Hali ilianza kulegea uagizaji uliporuhusiwa kwa mapana kuanzia mwaka 1984. Ndiyo maana katika albamu nyingi unakuta picha kadhaa za nyeusi na nyeupe za miaka ya 1960 na 1970, kisha pengo, kisha rangi. Na jambo la kusikitisha ni kwamba zile za zamani ndizo zimedumu vizuri. Picha ya madini ya fedha iliyosafishwa na kusuuzwa ipasavyo hukaa miaka 100 na zaidi. Rangi za karatasi za miaka ya 1980 huoza hata gizani. Rangi ya bluu-kijani hutangulia kufifia, na familia nzima inabaki imezama kwenye wekundu wa tofali.

Pwani walikuwa na jambo ambalo huku bara tulilikosa. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mtu aliyepigwa picha pale aliacha negativu yake mahali penye mlango, jina na mwenyeji. Mombasa, Parekh Studio ilikuwa vivyo hivyo kwa miongo kadhaa. Wapiga picha wa utoto wetu walikuwa watu wa njiani. Walikuja siku ya mnada wakiwa na kitambaa chenye mchoro wa ndege au jengo la ghorofa, wakakitundika kwenye uzio wa ng'ombe, wakapiga, wakapokea malipo ya awali na kuandika majina kwenye daftari. Picha ililetwa mnada uliofuata, negativu ikabaki kwao, nao wakahama na daftari lao. Kwa hiyo tunaposema enzi ya mkanda ilikuwa na kumbukumbu imara, tuseme kweli: ilikuwa imara kwa waliokuwa na studio ya kurudia. Kwetu, nakala moja ya karatasi ndiyo ilikuwa kila kitu. Ikiliwa na mende imeliwa. Jelatini hutokana na mifupa na ngozi za wanyama, na mende na ukungu wanaijua kama chakula.

Picha nyingine za huku ziliondoka kabisa. Mtafiti Dorothea Bleek alifika kwa Wahadzabe mwaka 1930. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alikaa bonde la Eyasi katika miaka ya 1930, akachimba mabaki ya binadamu wa kale na kuandika juu ya Wahadzabe. Mwanaanthropolojia James Woodburn aliwafuata Wahadzabe kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na filamu aliyoitengeneza pamoja na Sean Hudson ilitoka mwaka 1966. George Klima alichapisha kitabu chake juu ya Wabarabaig mwaka 1970. Wamisheni wa Norwe waliojenga hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, nao hawakukosa kamera. Mkanda ni kitu kimoja, na kitu kimoja hukaa mahali pamoja. Kilichochukuliwa kwenye mabonde yetu kikaenda kukaa kwenye makabati ya ng'ambo, sehemu zenye ubaridi na ukavu unaofaa, na hapo kimesalimika. Wajukuu wa waliopigwa picha hawakukiona. Hapa dijitali ina jibu ambalo mkanda haukuwa nalo kamwe: negativu ikiskaniwa mara moja, nakala yake inaweza kufika kwa Wahadzabe wa Yaeda Chini bila ile ya asili kutoka kabatini. Kama kuna kazi moja ambayo ningetaka makumbusho ya huko yaifanye na teknolojia hii, ni hiyo, na majina yaulizwe kwa wazee wa Yaeda wangali hai.

Suala la ushahidi pia limo. Wabarabaig wa Hanang walipoteza malisho mengi kwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada kwenye nyanda za Basotu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakapata nafuu Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua katikati ya miaka ya 1980, na uthibitisho wa haki yao juu ya ardhi ukiwa kiini cha mabishano. Malalamiko ya Wabarabaig yaligusa hata makaburi ya wazee wao yaliyopitiwa na trekta. Kaburi lililolimwa halipigiki tena picha. Siku hizi kijana mwenye simu angesimama pale, na faili lake lingebeba tarehe, saa na hata mahali, ikiwa ameruhusu. Ni nguvu kubwa mikononi mwa mtu asiye na wakili. Lakini akiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, habari hizo huondolewa, na kinachomfikia wakili ni picha tu, ambayo yeyote anaweza kudai imebadilishwa. Negativu ina ushahidi wa aina yake: namba za kingo haziongopi juu ya kipi kilitangulia kipi. Katika kipande cha baba, fremu ya 18 inaonyesha kanisa likiwa bado halijaezekwa. Kwa hiyo bibi na yule mwenye fimbo, fremu ya 17, walipigwa kabla ya bati kupanda, siku hiyo au kabla yake. Wazee wanakumbuka mwaka wa bati. Nikapata tarehe kwa njia hiyo.

Jumapili ya 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwemo. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku hiyohiyo taifa zima liliona kwa picha za simu barabara iliyogeuka mto wa tope na nyumba zilizojaa hadi dirishani. Kwa mkanda, mpiga picha angemaliza fremu zake, akatafuta gari la kwenda Arusha, na nchi ingeona siku mbili au tatu baadaye. Katika saa ambazo mtu anaweza kuwa hai chini ya kifusi, siku mbili ni tofauti kati ya uokoaji na mazishi. Yeyote anayeutetea mkanda, kama ninavyoupenda mimi, lazima aipokee hoja hii nzima nzima.

Lakini lile tope liliingia pia kwenye masanduku na makabati ya nguo, na humo ndimo familia huhifadhi picha. Baada ya tsunami ya Japani ya mwaka 2011, watu wa kujitolea walikusanya picha kutoka kwenye tope kwa maelfu kwa maelfu, wakaziosha moja moja kwa maji safi na brashi laini, wakazianika kwenye kamba, na nyingi zikarudi kwa wenyewe. Iliwezekana kwa sababu picha ya maabara ilizaliwa majini, na ikiwahiwa kabla ya kuoza huweza kurudi majini ikatoka salama. Picha ya printa ya wino, ile inayotolewa dakika mbili kwenye vibanda vingi vya sasa, mara nyingi huchuja rangi ikilowa. Simu iliyojaa tope mara nyingi hufa na kila kilichomo ndani yake. Na hapo tena dijitali ina upande wake mwema: picha ya marehemu iliyotumwa mwaka juzi kwa dada aliyeko Babati ingalipo, kwenye simu ya dada. Karatasi huokoka kwa kuoshwa, faili huokoka kwa kutawanywa. Faili lisilotumwa kwa mtu, lililobaki kwenye memori kadi moja ndani ya simu moja, lina udhaifu wa pande zote mbili, na ndivyo picha nyingi za kwetu zilivyo leo. Hata bila tope, memori kadi iliyokaa kabatini miaka mingi bila kuguswa huanza kusahau, kwa sababu chaji inayoshikilia zile namba huvuja.

Watu hudhani picha za simu haziwezi kuchapishwa vizuri. Zinaweza. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji nukta 1,800 kwa 1,200 tu, yaani milioni mbili na kidogo, na hata simu janja ya bei ya chini inavuka hapo. Hata picha iliyobanwa na WhatsApp, ambayo kwa kawaida hubakiwa na nukta 1,600 hivi upande mrefu, hutoka vizuri kwa ukubwa huo, ingawa ukiikuza ya kutundika ukutani itaanza kupasuka. Kwa hiyo si teknolojia iliyotunyang'anya karatasi. Tumeiacha sisi, kwa kuwa kuiona picha kwenye kioo kunatosheleza siku ile.

Na tulipoiacha karatasi tuliacha mgongo wake. Geuza picha yoyote ya zamani katika nyumba za huku: wino wa bluu, mwandiko wa kulala, neno "Kumbukumbu", jina la aliyepigwa, jina la anayepewa, mahali, tarehe. Wakati mwingine kuna mwandiko wa pili, wa mtu mwingine, ulioongeza mwaka wa kifo. Mwalimu wa shule aliyehamishiwa Mbulu kutoka Songea alimwachia mwenzake picha ikiwa na mistari minne nyuma, na mistari hiyo ndiyo inayotuambia walikuwa marafiki, kwa maana upande wa mbele wamesimama wima kama askari. Faili la simu lina jina la namba na herufi lililotungwa na mashine. Katika simu yangu kuna picha zaidi ya 6,000, na sidhani kama 20 kati yake zina jina la mtu aliyemo. Mimi nawajua. Mwanangu anawajua nusu.

Mwezi wa nane nilivipeleka vile vipande vitatu Arusha kuskaniwa. Fundi alivifuta kwa pumzi na kitambaa laini, akaviweka juu ya kioo chenye mwanga kwa chini, na bibi akageuka kwenye kompyuta kutoka mweupe kuwa mweusi, akawa yeye. Nyuma yake, mahali ambapo mkanda ulikuwa umeiva mno, mlima ulitokea, ambao sikuwa nimeuona nilipouinua mkanda angani kule uani. Niliituma picha kwenye kundi la ukoo nikauliza huyu mwenye fimbo ni nani. Kabla sijatoka mlangoni shangazi aliyeko Babati alishajibu kwa sauti.

"Mwanangu, huyo ni kaka yake bibi yako, yule aliyehamia Basotu na ng'ombe. Hamkuambiwa? Fimbo hiyo nimeiona kwa macho yangu."

Akataja jina lake, na jina la baba yake.

Nikachapisha nakala mbili pale pale, moja ya shangazi. Nilipotaka kuandika nyuma, kalamu ya wino iliteleza bila kushika kwenye ile karatasi yenye plastiki. Fundi akafungua droo, akanipa penseli laini.

"Andika nayo taratibu," akasema, "usikandamize, itatokea mbele."

Nikaliandika jina, la baba yake chini yake, Basotu, na mwaka wa bati.